Jembe la Utubora, matuta ya Mlalo: ni nani wa kutuambia furaha ni nini?

Mwaka 2017 Ripoti ya Furaha Duniani iliiweka Tanzania nafasi ya 153 kati ya nchi 155. Nyuma yetu zilibaki Burundi na Jamhuri ya Afrika ya Kati tu. Mwaka 2018 tukawa wa 153 tena, safari hiyo kati ya nchi 156, na mwaka 2019 nafasi ikawa ileile. Takwimu ya namna hii huwagawa wasomaji. Wapo watakaouliza: ni watu gani hawa wasio na furaha, ilhali harusi zao hujaza mtaa mzima, misiba yao haibebwi na mtu mmoja, na watani wao hawaachi mzaha hata makaburini? Wengine watajibu kwamba kicheko hakijazi chungu, na kwamba mama anayejifungulia njiani kwa kukosa gari hangoji mtafiti aje kumwambia kuwa maisha yake yana kasoro. Pande zote mbili zinasema kweli, na ndiyo maana ubishi wao hauishi. Kila upande unaamini unaijua furaha, na kila upande unamsemea mtu wa tatu ambaye hakuulizwa.

Mtu huyo wa tatu yuko kila mahali, lakini makala haya yanamtafuta Lukozi. Ukipanda kutoka Mombo, ukaupita mji wa Lushoto na msitu wa Magamba, barabara iendayo Mtae inakufikisha kwenye mji huu mdogo ambao soko lake hukusanya viazi mviringo, kabichi, karoti na mboga nyingine za Usambara Magharibi na kuzishusha hadi Tanga na Dar es Salaam. Mgeni aliyekimbia joto la pwani huona ukungu wa asubuhi na miteremko iliyolimwa hadi juu, akaamua upesi kwamba huku ndiko watu wanakoishi kwa raha. Mtaalamu mwenye jedwali lake huona jembe la mkono, shamba lililogawanywa kwa urithi hadi limekuwa kipande, na njia inayoteleza wakati wa masika, naye akaamua kinyume kwa upesi uleule. Hoja yangu ni kwamba furaha ya kweli haiwezi kufungiwa katika fasili moja itakayomfaa kila mtu, na historia ya milima hii inaonyesha madhara ya kujaribu. Hata hivyo, kukosa fasili hakuifanyi furaha kuwa jambo la kubahatisha. Furaha ya uongo inaweza kutambuliwa, masharti ya ile ya kweli yanaweza kutajwa, na wenye madaraka wanaweza kudaiwa masharti hayo.

Ngazi ya vidato kumi

Tuanze na kipimo chenyewe, kwa sababu wengi wanaoipinga ripoti ile hawajui iliuliza nini. Mhojiwa huombwa aifikirie ngazi yenye vidato kuanzia sifuri chini hadi kumi juu. Kidato cha juu kabisa ni maisha bora kuliko yote anayoweza kuwa nayo, cha chini kabisa ni mabaya kuliko yote. Kisha anaulizwa amesimama wapi. Swali hili lilibuniwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Hadley Cantril, katika utafiti wa nchi mbalimbali alioutoa mwaka 1965, na siku hizi shirika la Gallup hulipeleka karibu dunia nzima. Uzuri wake ni kwamba hakimu ni mhojiwa mwenyewe. Hakuna mzungu wala waziri anayemwekea alama. Udhaifu wake ni kwamba linampa kazi ya kulinganisha, na mtu hulinganisha maisha yake na yale anayodhani yanawezekana. Kijana wa leo wa Lukozi, mwenye simu mkononi, anaona kila siku nyumba, barabara na hospitali ambazo babu yake hakupata kuzisikia. Kidato chake cha kumi kiko mbali kuliko kilivyokuwa cha babu. Akijiweka kwenye kidato cha tatu, huenda hana huzuni kubwa kuliko mzee wake. Huenda amejua tu kwamba anastahili zaidi.

Isitoshe, ngazi hiyo haipimi kicheko. Gallup huuliza kando kama jana mtu alicheka sana, alipumzika, aliheshimiwa, na majibu ya maswali hayo hayaendi sambamba na ngazi. Paraguay, nchi isiyo karibu na kilele cha ngazi, iliongoza dunia kwa miaka kadhaa katika orodha ya hisia njema za jana, wakati Finland, ambayo tangu mwaka 2018 inashika nafasi ya kwanza kwenye ngazi, haikuiongoza orodha hiyo ya pili. Kwa hiyo hata wapimaji wenyewe hawana furaha moja mkononi. Wana angalau mbili: hukumu ambayo mtu anaitoa juu ya maisha yake, na hali ya moyo wake siku hadi siku. Anayeipinga ripoti kwa kutaja ngoma za harusi anajibu swali ambalo halikuulizwa. Anayeitumia ripoti kusema Watanzania ni watu wa huzuni naye anafanya kosa lilelile kutoka upande wa pili.

Ushahidi mwingine uko jirani zaidi. Huko Rarieda, katika Kaunti ya Siaya nchini Kenya, watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walizifuatilia kaya maskini zilizopewa fedha taslimu bila masharti na shirika la GiveDirectly. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliopata fedha walikula vizuri zaidi, waliongeza mali, na walisema wana furaha na kuridhika zaidi kuliko wenzao. Hilo linatosha kumnyamazisha anayedai kwamba fedha haina uhusiano na furaha. Kwa asiye nayo, uhusiano upo na ni mkubwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini watafiti haohao, katika kazi yao nyingine, walikuta kwamba majirani ambao hawakupewa kitu walizidi kupungukiwa na kuridhika na maisha yao kadiri wenzao walivyoinuka, ingawa maumivu hayo yalififia kwa kupita muda. Nyumba yao ilikuwa ileile, shamba lilelile, chakula kilekile. Kilichobadilika ni jirani. Basi hukumu ya mtu juu ya maisha yake haitoki ndani ya kifua chake peke yake. Inatoka pia katika namna neema na dhiki zilivyogawanywa mahali anapoishi. Wasambaa, wenyeji wa milima hii ya Usambara, walikuwa wamelifikiri jambo hili muda mrefu kabla ya tafiti za Gallup.

Nchi iliyopona, nchi iliyoharibika

Mwanahistoria wa Marekani Steven Feierman, aliyeanza utafiti wake Usambara katika miaka ya 1960 na kuandika vitabu viwili vikubwa, kimoja mwaka 1974 kuhusu ufalme wa Wasambaa na kingine mwaka 1990 kuhusu wakulima wenye fikra za kisiasa, alikuta kwamba mjadala wa siasa katika milima hii ulizunguka mawazo mawili. Moja ni kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. La pili ni kubana shi, yaani kuiharibu. Nchi iliyopona hupata mvua kwa wakati wake, migomba na mahindi hustawi, watoto huzaliwa na kukua, na watu hukaa bila hofu ya kutekwa. Nchi iliyoharibika huingiwa na njaa na fitina. Na sababu yake, kwa mawazo ya wazee wale, haikuwa hali ya hewa peke yake. Nguvu zinazoshindana huleta njaa. Nguvu moja inapozifunika nyingine, mvua hunyesha. Mfalme Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kutoka Vugha hadi kufa kwake mwaka 1862, alikumbukwa kama mfalme wa nchi iliyopona. Baada yake warithi walipigana. Semboja, mwanawe aliyekaa Mazinde, chini kwenye tambarare karibu na njia ya misafara, alipata bunduki kwa biashara, na raia wakatekwa na kuuzwa utumwani. Hiyo ndiyo iliyoitwa nchi kuharibika, na aliyeiishi hakuhitaji kufafanuliwa.

Nalitaja wazo hili kwa sababu linafanya jambo ambalo fasili nyingi za furaha zimeshindwa kulifanya. Halimwambii mtu ajisikie vipi. Halimwagizi kupenda migomba kuliko mahindi, wala kuoa mapema, wala kucheka. Linataja vitu ambavyo bila hivyo hakuna mtu, awe wa tabia gani, anayeweza hata kuanza kuitafuta furaha yake: mvua, chakula, watoto, usalama. Tena linavitaja vitu hivyo kama deni la mtawala. Mkulima aliyeangalia mahindi yake yakikauka alikuwa na haki ya kuhoji mambo ya Vugha. Furaha yenyewe ilibaki ya mkulima. Masharti yake yakawa ya wote.

Lakini tusiipambe historia. Wazo hilohilo liliwapa Wakilindi, ukoo wa wafalme wa Vugha, sababu ya kutawala na kutoza. Mtu asiye na ukoo wa kumtetea angeweza kuchukuliwa, na wakati wa njaa ukoo dhaifu uliweza kumweka mtoto wake rehani ili wengine wale. Nchi ikitazamwa kutoka Vugha ilionekana imepona. Ikitazamwa na yule mtoto wa rehani haikuonekana hivyo. Hapo pana somo la pili. Kutaja masharti ya pamoja hakutoshi ikiwa anayeamua kama yametimizwa ni mwenye nguvu. Sauti ya aliye chini lazima iwe sehemu ya kipimo, na kile kilichotokea Mlalo karibu karne moja baadaye kinaonyesha gharama ya kuisahau.

Jembe moja, maisha mawili

Bonde la Mlalo liko katika milima hiihii ya Lushoto. Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianzisha huko mradi wa kuliokoa bonde dhidi ya mmomonyoko wa udongo, na mwaka 1950 ukapanuliwa na kuwa Mpango wa Usambara. Wananchi waliamriwa kulima kwa matuta yenye vikingamo. Kazi yenyewe ni hii: unakata mteremko kwa jembe la mkono, unainua tuta refu linalofuata mkingamo wa mlima, unainua jingine chini yake, kisha unajenga vituta vifupi vinavyoufunga mfereji ulio katikati, kimoja baada ya kingine, ili maji ya mvua yasimame kama kwenye visanduku na kuzama ardhini badala ya kuteremka na udongo. Kwenye karatasi ni kazi safi. Kwenye mteremko wa Usambara ni kazi ya kuvunja mgongo, na sehemu kubwa iliwaangukia wanawake, ambao ndio waliobeba mashamba ya chakula wakati waume wengi walipokuwa wakitafuta mshahara kwingine. Aliyekataa alitozwa faini au alifungwa. Wananchi walisema kwamba matuta hayaongezi chakula kwa kadiri ya jasho linalotumika, na wengi waliamini kwamba anayekupangia ardhi yako leo ataichukua kesho. Upinzani ulikua, chama cha TANU kikapata wafuasi humo, na mwaka 1957 mpango ukaachwa.

Ni rahisi kusema maofisa wale walikuwa wabaya tu. Ukweli ni mgumu zaidi. Mmomonyoko ulikuwapo, na mpaka leo ni tatizo la kweli Lushoto. Miradi ya hifadhi ya udongo iliyokuja baada ya uhuru, kama ule uliofadhiliwa na Ujerumani kuanzia mwaka 1981, ilikuta miteremko ikiendelea kupoteza udongo. Maofisa walikuwa na picha kamili ya maisha mema: udongo uliotulia, mazao yaliyopangika, mkulima mwenye kesho. Walichokosa ni mkulima mwenyewe ndani ya picha ile. Walikwisha kumfasilia heri yake kabla hawajamsikiliza, kisha wakawatuma polisi kuilinda fasili hiyo.

Sasa mweke mama mmoja wa Mlalo, kati ya wale walioamriwa kujenga matuta, karibu na mkulima mwingine, wa kubuniwa, aliyeumbwa na mwana wa Tanga. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliacha riwaya iitwayo Utubora Mkulima, iliyochapishwa mwaka 1968. Utubora anaacha kazi ya mshahara Unguja, kazi ambayo wengi wangeigombania, akaenda shamba kulima. Tajiri wake hamwelewi. Msomaji wa kwanza wa riwaya hii huenda naye asimwelewe. Lakini kadiri hadithi inavyokwenda, Utubora anaonekana kuwa mtu aliyeyapata maisha yake katika udongo. Anashika jembe, anatoka jasho, na jasho hilo linamstawisha.

Jembe ni lilelile. Udongo ni wa aina ileile, na mgongo unaouma ni wa binadamu yuleyule. Kama furaha ingekuwa ndani ya kitendo, wote wawili wangekuwa nayo. Kama ingekuwa ndani ya kipato, Utubora angeipoteza siku alipoacha mshahara. Tofauti iko kwingine. Utubora aliijua kazi aliyoiacha na aliyoiendea. Alikuwa na njia mbili mbele yake akachagua moja, na angeweza kurudi. Shamba lilikuwa mpango wake. Mama wa Mlalo hakuulizwa anachokijua kuhusu shamba alilolilima maisha yake yote, hakuwa na njia ya pili isipokuwa faini, na jasho lake lilikamilisha mchoro wa mtu mwingine. Kutokana na hao wawili napata mtihani ninaoutetea. Furaha ya kweli ni ile inayobaki pale mwenye nayo anapoambiwa ukweli wote wa hali yake, pale anapopewa njia nyingine ya kwenda, na ambayo haikununuliwa kwa kumharibu mwenzake. Inayoanguka mbele ya jambo mojawapo kati ya hayo si furaha ya kweli, hata kama inacheka kwa sauti.

Angalia kwamba huo ni mtihani, si fasili. Hausemi furaha imejaa nini. Huko Rangwi, mbele kidogo ya Lukozi, wako watawa wa Kikatoliki walioacha ndoa na mali. Lukozi kwenyewe wako wafanyabiashara ambao bila pilikapilika za soko wangeugua. Na katika kila kijiji cha milima hii yuko mzee ambaye watoto wake wa Dar es Salaam wamemwita mara nyingi na hataki kuiacha migomba yake. Mwandishi atakayetafuta sentensi moja ya kueleza furaha ya watu hao ataishia ama kusema neno tupu lisilomkataa yeyote, ama kumfukuza mmoja wao kutoka katika furaha aliyo nayo. Wote watatu, hata hivyo, wanaweza kuufaulu mtihani. Mtihani unachuja bila kuamuru.

Wanaopinga

Pingamizi la kwanza ni zito. Mwanauchumi wa India, Amartya Sen, amesisitiza kwa miaka mingi kwamba mtu aliyenyimwa kwa muda mrefu hujifunza kutamani kidogo. Mwanamke aliyechota maji bondeni miaka thelathini anaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba ameridhika. Mtu ataniuliza: ikiwa unasema ridhaa yake huenda si ya kweli, umetofautianaje na ofisa wa matuta aliyedhani anaijua heri ya wanawake wa Mlalo kuliko wao? Nakubali kwamba hapa pana hatari, na anayeandika kuhusu furaha ya wengine asiisahau. Tofauti iko katika kinachofuata baada ya shaka. Ofisa alitoa amri na adhabu. Mtihani wangu hautoi amri. Unadai bomba la maji lifike karibu na nyumba yake, kisha unamwacha aamue. Akiendelea kwenda mtoni kwa sababu anapenda mazungumzo ya huko na wenzake, ridhaa yake imethibitika, na hakuna mwenye haki ya kumsumbua. Akiacha siku ya kwanza ya bomba, basi ilikuwa subira, na tulikosea kuiita kuridhika. Katika hali zote mbili hukumu imebaki mikononi mwake.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wa dini, na Lushoto ni nchi ya misikiti na makanisa. Walutheri walifika Mlalo mwaka 1891 na Uislamu umo katika vijiji vingi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kitabu kizima juu ya kemia ya furaha, akafundisha kwamba heri ya mwanadamu ni kuijua nafsi yake na kumjua Mola wake, wala haitegemei dunia. Mhubiri wa Kikristo atasema maneno yanayokaribiana na hayo. Sina hoja ya kulikanusha hilo, na nimeshasema kwamba mtawa wa Rangwi anaufaulu mtihani. Ninachokataa ni kulihamisha fundisho hilo kutoka kwa anayevumilia kwenda kwa anayesababisha. Dini hizohizo zimeamuru zaka, zimelaani mizani ya uongo, na zimemtetea yatima na mjane. Subira ni fadhila ya anayeteseka. Haiwi utetezi wa anayetesa. Mwenyekiti wa kijiji akimwambia mkulima kwamba furaha iko moyoni, huku fedha za zahanati zimeliwa, anaitumia dini kufunika kosa ambalo dini yenyewe ingelitaja kwanza.

Pingamizi la tatu ni la watu wa mipango. Watasema: serikali haiwezi kupanga kitu kisicho na fasili, na fasili inawezekana; mbona Bhutan imeweza? Mfalme Jigme Singye Wangchuck wa Bhutan alitangaza katika miaka ya 1970 kwamba furaha ya taifa ina thamani kuliko pato la taifa, na wazo hilo likaingizwa katika katiba ya nchi hiyo ya mwaka 2008. Kwa wazo la kuiondoa fedha katika kiti cha enzi, Bhutan inastahili heshima. Lakini ni Bhutan hiyohiyo ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilishuhudia karibu watu laki moja wa asili ya Kinepali wakiondoka au wakiondolewa na kujaa katika kambi za wakimbizi nchini Nepal, baada ya utamaduni mmoja, vazi moja na lugha moja kufanywa sura ya taifa lenye maelewano. Serikali inapoiandika sura ya watu wenye furaha, wasiofanana na sura hiyo huwa kasoro ya kuondolewa. Serikali inaweza kupanga masharti ya furaha: maji, barabara, shule, mizani ya haki, mahakama isiyonunuliwa. Hayo yana hesabu na bajeti. Ikijipa kazi ya kupanga yaliyomo, hata kwa nia njema, imerudi kwenye matuta ya Mlalo.

Gunia la Lukozi

Anayedhani hoja hii ni ya vitabuni alitazame gunia la viazi. Gunia linajazwa hadi mdomoni, na hapo ndipo lingefungwa kama mambo yangekuwa ya haki. Badala yake linaongezewa kilemba: kipande cha gunia jingine au wavu kinashikizwa juu, viazi vinapangwa kimoja kimoja kufuata mviringo hadi kichwa kinainuka, kisha shazia na kamba vinapita huku na huku mpaka kilemba kinabana. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei inatajwa kwa gunia, wala si kwa kilo, kwa hiyo kila kiazi kilichomo kwenye kilemba ni cha bure kwa mnunuzi. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, na Wakala wa Vipimo wamefanya kampeni dhidi yake mwaka baada ya mwaka, lakini imeendelea katika masoko ya mazao nchini. Ukimuuliza dalali atasema kwamba mkulima amekubali mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Na mkulima, akiulizwa kama ameridhika, huenda akajibu kwamba ndivyo biashara ilivyo.

Upitishe mtihani hapo. Je, mkulima huyo anaijua bei ya kiazi Ilala au Mabibo asubuhi ile? Akikataa kilemba, ana ghala la kuhifadhia, chama cha ushirika kitakachomnunulia, au lori jingine litakalopita kabla mzigo haujaharibika? Na faida ya yule anayecheka mwisho wa safari imetoka wapi? Kwa kila swali ridhaa hiyo inapungua, mpaka tunaona kwamba kilichoitwa makubaliano kilikuwa kukosa pa kwenda. Hatukuhitaji fasili ya furaha kulijua hilo. Wala hatukumwambia mkulima kwamba alime kitu kingine, ahamie mjini, au aache kucheka na wanunuzi wake. Tumejua tu kwamba hapa nchi inabanwa, na tumejua ni nani wa kuulizwa.

Kiongozi anayepanda Lukozi, awe mbunge, mkuu wa wilaya au mfadhili, hana sababu ya kuwauliza watu kama wana furaha. Watamjibu kwa adabu wanavyomjibu mgeni. Aulize kama mizani inatumika sokoni, kama bei za mjini zinafika kijijini kabla ya dalali, kama mwanamke anayelima ardhi ana jina kwenye hati yake, kama kijana anayetaka kubaki anaweza kubaki na anayetaka kuondoka anaweza kuondoka. Majibu ya maswali hayo yanaandikika, na anayeyakosa anaweza kuwajibishwa. Masharti hayo yakishatimizwa, kila mtu wa milima hii atakuwa amepewa kile ambacho Utubora alikuwa nacho na mama wa Mlalo alinyimwa, na atakachokifanya nacho hakitamhusu waziri, mtafiti wala mwandishi wa makala haya. Kumpa mtu uwezo wa kuijenga furaha yake ni wajibu wetu. Kumwambia iweje, hatujapewa ruhusa hiyo na yeyote.